Mtunga Mchezo na Wachezaji Wake

Likizo iliyopita alitujia nyumbani kijana mmoja tuliyemfundisha zamani kusoma na kuandika, ambaye sasa asomea mambo ya kompyuta huko Butembo. Baada ya salamu na habari za jamaa alitoa simu yake mfukoni, akatuonyesha mchezo alioutunga mwenyewe. Ni mchezo mdogo: mtu asukuma chikudu chenye mzigo wa ndizi katika njia ya mlima, naye mwenye simu hana budi kukikwepesha mashimo na mawe. Twakiri ya kuwa tuliucheza muda mrefu kuliko ilivyotupasa, hata chai ikapoa.

Kisha kijana akatueleza shida yake. Mchezo huo amewagawia rafiki zake wapatao ishirini, na kila mmoja amerudi na neno lake. Wa kwanza asema chikudu chaenda polepole. Wa pili asema chaenda mbio mno. Mmoja ataka mashimo yapunguzwe; mwingine ataka waongezwe askari wa kizuizi ili wapate kupigwa mateke. "Mwalimu," akatuuliza, "niwafuate hawa au niufuate moyo wangu? Nikiwafuata wote, mchezo hautakuwa wangu tena. Nisipowafuata, hakuna atakayeucheza."

Tulimjibu upesi, kama walimu wajibuvyo wakiisha kuchoka: "Kazi ni yako, mwanangu. Nahodha wengi, chombo huenda mrama." Akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Lakini usiku ule usingizi ulituruka, maana hatukuwa tumemwambia kweli yote. Sisi wenyewe tuliwahi kutunga mchezo hapa Oicha, na wachezaji wetu walitufundisha mambo mengine ambayo tungependa kuyasahau. Basi leo twataka kumjibu upya, tena mbele yenu, kwa kuwa siku hizi ni nadra kuona simu isiyo na mchezo ndani yake, nao wazazi yawafaa kujua jinsi michezo hiyo itungwavyo, na kwa ajili ya nani.

Tuanze na mchezo ulio mkongwe kuliko sisi sote. Bao la Waswahili wa pwani lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Ng'ambo ya Semliki na milima ya Ruwenzori, Waganda wana Omweso; Wanyarwanda wana Igisoro. Mashimo ni yale yale na kete ni zile zile, lakini sheria ni mbalimbali. Mganda huzipanga kete zake zote 32 apendavyo kabla ya vita kuanza. Mswahili huanza na kete kumi tu ubaoni. Nyingine 22 huzishika, akazitia moja moja, na lile shimo liitwalo nyumba ana heshima zake katika kulilinda. Tena, kwa kuwa sheria hizo ni nzito kwa mgeni, wenye bao wametenga namna nyepesi waiitayo bao la kujifunza, ambamo kete hupangwa mbili mbili tangu mwanzo.

Nani alitunga haya? Hatuna jina lolote la kutaja. Walitunga wachezaji wenyewe, kivulini, kizazi baada ya kizazi: sheria iliyochosha ikaachwa, iliyonogesha ikashikwa, na mzee aliyeshindwa akalalamika mpaka wenzake wakamsikia au wakamcheka. Mafundi wa kompyuta hudhani kwamba kuwauliza wachezaji ni jambo jipya. Kumbe ndilo la kale kabisa! Jambo lililo jipya ni mchezo kuwa na mwenyewe.

Sasa tutazame mchezo ambao mwenyewe ajulikana. Mwezi wa Desemba 1891, katika mji wa Springfield huko Marekani, mwalimu James Naismith alikabidhiwa darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani, wakati baridi ya nje haikuwaruhusu kucheza mpira wa miguu. Bwana huyo alikuwa amesomea teolojia huko Montreal kabla ya kuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili. (Twamtazama kwa upendo: sisi nasi tulitoka seminarini tukaangukia kwenye chaki.) Akapata vikapu viwili vya matunda, akavigongomea juu kiasi cha futi 10 kutoka chini, akaandika sheria 13. Ndivyo ulivyozaliwa mpira wa kikapu. Vikapu vilikuwa na matako, hivyo kila bao lilipofungwa ilimbidi mtu apande kuutoa mpira!

Sheria yake ya tatu ilisema kwamba mchezaji asikimbie na mpira, bali autupe kutoka pale alipoudaka. Sababu yake ilikuwa ya busara: aliona kuwa watu huumizana kwa sababu wanamkimbilia yule anayekimbia na mpira. Asipokimbia, hakuna haja ya kumwangusha. Lakini vijana ni vijana. Aliyezingirwa pande zote, asiye na mwenzake wa kumpa, akauacha mpira udunde chini, kisha akaudaka tena; mwingine akaudundisha huku akisogea. Amekimbia na mpira? La, mpira haukuwa mikononi mwake. Amevunja sheria? Mwanasheria angalikesha. Naismith hakuwa ameandika neno lolote juu ya kudundisha, naye angaliweza kukataza, kwa maana sheria zilikuwa zake. Hakukataza. Aliyokataza tangu siku ya kwanza, katika sheria ya tano, ni kusukumana, kukamatana, kuteganya na kupigana, na hayo hayakupata ruhusa hata yalipopendwa. Mwaka 1936 alikwenda Berlin akauona mchezo wake ukichezwa katika Olimpiki, na udundaji ule asioutunga ukiwa ndani yake.

Hapo mtu aweza kusema kwamba jibu limekwisha patikana: mwenye mchezo alinde shabaha yake, na mengine yote awaachie wachezaji. Nasi tulidhani hivyo. Sasa tueleze ya kwetu.

Wasomaji walio mbali wajue ya kuwa Oicha ni makao ya teritwari ya Beni, katika barabara iendayo Eringeti na Komanda. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamekuwa yakitokea katika vijiji vyetu, na watu wamekuwa wakikimbia na magodoro kichwani, leo kuja mjini, kesho kurudi shambani, keshokutwa kuja tena. Mwaka tunaousimulia, 2022, benchi la watoto watatu lilikuwa likikaliwa na watano. Watoto wa hapa na watoto waliokuja walikaa darasa moja bila ya kuzungumza. Wakati wa mapumziko wa hapa walicheza, waliokuja walisimama ukutani.

Tukafikiri kuwatungia mchezo. Tulichukua boksi la sabuni, tukalikunjua, tukachora juu yake njia yenye nyumba 40, kutoka shamba la kakao mpaka sokoni. Dadu tulilichonga kwa mti. Kila mchezaji alipewa mbegu kumi za kakao kavu, nazo ndizo mali yake. Nyumba moja ilisema: mvua imebomoa daraja, rudi nyuma hatua tatu. Nyingine ilisema: mizani ya mnunuzi ina hila, toa theluthi ya mbegu zako, na mtoto akikosea hesabu atoe nusu. Shabaha zetu zilikuwa mbili: wajifunze hesabu, na wakae mkeka mmoja. Katika njia ile hatukuweka mtu mbaya hata mmoja. Tulifanya hivyo makusudi, maana tulisema moyoni kwamba mabaya wameyaona ya kutosha.

Juma la kwanza walilalamika kwamba mchezo ni mrefu, kengele yalia kabla yeyote hajafika sokoni. Dawa waliyoitaka ni dadu mbili badala ya moja. Tulijaribu dadu mbili: watoto wakaruka madaraja yote na mizani zote, hesabu ikapotea. Basi tukarudisha dadu moja, tukafuta nyumba kumi, njia ikawa ya nyumba 30, nao wakaridhika. Hapa Oicha, mji uliokua kando ya hospitali, tulikwisha kujua jambo hili tangu utoto: mgonjwa ndiye ajuaye panapouma, na akisema panauma usibishane naye, lakini chupa ya dawa huiandiki kwa kumfuata. Kijana wetu wa Butembo naye aangalie. Mmoja amesema chikudu chaenda polepole, mwingine chaenda mbio. Huenda wote wawili wasema neno moja, yaani kwamba njia haijulikani mapema, na aliye stadi achoka kungoja hali aliye mgeni ashtuka. Mwendo wa chikudu hauna kosa. Ni kona inayokuja bila ya kuonekana.

Juma la pili msichana mmoja wa mwaka wa tano, mmoja wa wale waliokuja, aliweka dadu chini akasema: "Mwalimu, njia hii ni ya uongo."

Tukamwuliza kwa nini. Akasema: "Mtu aenda shamba na kurudi, na hakuna aogopaye kitu."

Wazee wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tuliona haya. Tulikuwa tumewachorea watoto wale barabara ya watu wengine, barabara ya kitabuni, tukaiita yao. Kabla hatujamjibu, wavulana wakadakia. Wao walikuwa na shauri tayari: ziwekwe bunduki. Wachezaji wagawanyike makundi. Mwenye kutupa sita apate kuvizia njiani na kuchukua mbegu za wenzake zote. Tukawaambia wainue mikono wanaolitaka jambo hilo. Mikono mingi ikainuka, kuliko ile iliyopata kuinuka kwa swali lolote la katekisimu au la hesabu.

Wakati ule tulikuwa tumesoma habari za Lual Mayen, na zilitusaidia kwa kiasi chake. Kijana huyo alizaliwa njiani, wazazi wake walipokuwa wakiikimbia vita ya kusini mwa Sudan, akalelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipotamani kompyuta, mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka akapata dola 300, akamnunulia. Umeme haukuwako, akawa akitembea saa tatu kwenda mahali pa kuitia umeme. Katika kompyuta ile aliona mchezo uitwao Grand Theft Auto: Vice City, ambao ndani yake mtu huiba magari na kuua, naye akaona nguvu ya michezo juu ya mioyo ya vijana wa kambi yake. Angaliweza kutunga wa namna ile ile, na wachezaji wangalimshukuru. Badala yake alitunga mchezo wa amani, akauita Salaam, akawagawia jirani zake kutoka simu hadi simu. Baadaye alihamia Washington, akaanzisha kampuni yake ya Junub Games, akaugeuza mchezo huo uwe wa mkimbizi anayekimbia kutafuta chakula, maji na dawa. Mwaka 2018 alipewa heshima huko Marekani katika sherehe za The Game Awards.

Lililotugusa ni kwamba Mayen hakuificha vita wala hakumpa mchezaji bunduki ya kuiendesha. Vita imo, ila mchezaji yu upande wa anayekimbia. Nasi tukafikiri: tutafanya hivyo hivyo, hapana bunduki. Lakini mikono iliyoinuka ilikuwa mingi, na mwalimu naye apenda kupendwa. Tukawapa nusu ya walichotaka. Nyumba ya 17 tuliipaka makaa, tukaandika juu yake neno "Shambulio". Atakayeangukia hapo apoteze mbegu zote, aanze upya shambani.

Mchezo haukupata kupendwa kama siku zile tatu. Watoto walifika mapema kuwahi nafasi. Kila dadu lilipotupwa karibu na nyumba ya 17 walishika vichwa, wakapiga kelele hata mwalimu wa jirani akaja kutazama. Tulijisifu. Kama tungalihesabu wachezaji, kama wafanyavyo wenye kampuni, tungalisema kwamba maoni ya wachezaji yametufikisha mahali pema.

Siku ya nne mvulana mmoja mdogo, aliyetoka kijiji cha kaskazini, aliangukia pale. Wenzake wakapiga kelele kama kawaida. Yeye hakulia wala hakugombana. Alizisogeza mbegu zake katikati ya mkeka, akainuka, akatoka nje, akaketi chini ya mparachichi mpaka kengele. Kesho yake hakuja mkekani. Hatukuhitaji kumwuliza, mambo ya kijiji kile sote tulikuwa tumeyasikia. Ndipo tulipotazama vizuri tukaona kwamba kuna wengine watatu waliokwisha kutoweka mkekani tangu siku ya kwanza ya makaa, nasi tulidhani wamependelea mpira.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tulipohesabu mikono, watoto wale hawakuinua mkono wa kutaka wala wa kukataa. Walikuwa wamekaa kimya, nasi tukausoma ukimya wao kuwa ni kukubali. Hili ndilo ambalo hatukumwambia kijana wetu. Yeye ahangaika juu ya maneno ya rafiki zake ishirini, akiyapima neno kwa neno, hali hajajua kama kuna wawili au watatu waliofunga mchezo wake siku ya kwanza, wakamwambia kwa upole kwamba simu imejaa.

Tulitaka kuifuta nyumba ile kabisa. Aliyetuzuia ni yule msichana. Alisema tukiifuta njia itarudi kuwa ya uongo. Tukamwuliza yeye angefanyaje, naye akafikiri kwa muda mrefu, akichora mavumbini kwa kidole. Mwisho akasema: "Sisi tulipotoka kwetu tulilala kwa watu." Hakusema zaidi. Basi tukaupaka upya ule weusi, tukaandika "Giza". Atakayefikiwa na giza hapotezi mbegu. Hupoteza zamu moja, na mchezaji yeyote apenda aweza kumpokea, akisogeza kete yake pale pale, na asubuhi, yaani zamu ifuatayo, wote wawili huondoka pamoja kwa dadu moja.

Wavulana wawili wakubwa waliacha kucheza, wakasema kwamba sasa umekuwa mchezo wa wasichana. Tuliyapokea maoni yao, hatukuyafuata. Yule mdogo wa kaskazini hatukumwita. Baada ya majuma mawili alikuja akasimama nyuma ya wenzake akitazama. Siku nyingine akaketi ukingoni mwa mkeka. Siku nyingine tena tulipogawa mbegu alinyosha mkono.

Tusemeje basi juu ya kampuni kubwa zenye wachezaji mamilioni? Hizo hazina haja ya kuinuliwa mikono. Mashine zao huhesabu mchezaji amecheza dakika ngapi, ameachia wapi, amelipa nini. Huwasikia hata wanyamavu, jambo tulilolikosa sisi. Lakini kusikia si kujali. Yule anayechunguza ni wapi umechoka aweza kukuwekea kiti upumzike, na aweza pia kukuwekea mtego hapo hapo, kwa kuwa amekwisha kujua ya kuwa utasimama.

Mwezi wa Novemba 2017 kampuni ya Electronic Arts ilikuwa karibu kutoa mchezo wa Star Wars Battlefront II. Mashujaa wakuu wa mchezo walifungiwa, na kuwafungulia kulihitaji saa nyingi sana za kucheza. Kando yake yaliuzwa masanduku ya bahati yenye vitu vya kumpa mchezaji nguvu, ambayo mnunuzi hajui atapata nini mpaka alipe. Wachezaji wakapaaza sauti dunia nzima, kwa maelfu na maelfu, hata kampuni ikapunguza gharama za mashujaa, kisha ikasimamisha uuzaji ule kabla tu ya siku ya kutolewa mchezo. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya michezo ya bahati ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya kulipia yaliyomo katika michezo kadhaa ni kamari, nayo ni kinyume cha sheria ya nchi ile. Tutambue jambo hili: waliopiga kelele kwanza walikuwa wachezaji wenyewe, wengi wao vijana, wakati sisi wazazi na walimu tulikuwa hatujui hata masanduku hayo ni kitu gani. Asemaye kwamba wachezaji wasisikilizwe, kwa kuwa ni watoto wasiojua litakalowafaa, na aikumbuke habari hiyo.

Hata hivyo twamjua mtunzi mmoja aliyewakataa wachezaji wake, nasi hatuthubutu kumlaumu. Dong Nguyen wa Vietnam alitoa mwaka 2013 mchezo wa simu uitwao Flappy Bird, wa ndege mdogo apitaye kati ya mabomba. Mwanzoni mwa 2014 ulishika nafasi ya kwanza katika nchi nyingi, na fedha za matangazo zikawa zinamiminika. Mwezi wa Februari mwaka ule ule akauondoa mwenyewe. Alieleza kwamba watu walikuwa wameshindwa kuuacha, na jambo hilo halikuwa kusudi lake. Maoni ya wachezaji yalikuwa wazi kuliko yote: twautaka! Wengine walimkasirikia, wengine walimsihi aurudishe. Yeye aliona kwamba kutaka kule ndiko ugonjwa wenyewe. Wazazi wajua habari hiyo bila ya kufundishwa na Mvietnam, maana mchelea mwana kulia hulia yeye. Ila ni wangapi kati yetu tungaliziacha fedha zile?

Kuhusu moyo wa mtunzi, ambao kijana wetu alitaja kwa uzito, tutasema kidogo tu. Mwaka 2012 watunzi wa Mass Effect 3 walilaumiwa vikali kwa sababu ya mwisho wa hadithi yao. Miezi michache baadaye walitoa nyongeza ya bure: hawakuubadili mwisho wenyewe, bali waliufafanua na kuurefusha. Wako waliosema wamejishusha, na wako waliosema bado ni wakaidi. Sisi twaona walifanya kama mwalimu ambaye darasa lote limekosa swali moja: hesabu yake ni sahihi, lakini maelezo yake yalikuwa mafupi.

Basi, kijana, ukiusoma ukurasa huu, tafadhali usiwatumie tena rafiki zako mchezo wako kwa mbali. Nenda uketi nyuma yao, usifungue kinywa, uwatazame mikono. Pale wanaposhika simu kwa nguvu, andika. Pale wanapotazama dirishani, andika. Wakikueleza dawa, pokea kwa adabu, kisha uwaulize wapi panauma. Wale waliouacha mchezo wako siku ya kwanza watafute kwanza, uwaamkie, uwaulize habari za nyumbani kabla ya habari za chikudu. Na juu ya wale askari wa kizuizi wa kupigwa mateke, wewe wajua barabara ya kwenu ilivyo na wajua watakaoucheza mchezo huo ni wana wa nani; hilo usilipigie kura. Hapo tulikujibu sawa, ingawa kwa uvivu.

Ubao wetu bado uko. Boksi la pili sasa, maana la kwanza liliingia maji ya mvua. Juma lililopita tuliugeuza ili kuubandika upya, tukaona kwamba chini ya sheria zetu, kwa kalamu ya risasi na mwandiko tusioutambua, mtoto ameongeza sheria yake: "Aliyefika sokoni kwanza arudi kuwachukua wengine." Tuliisoma mara tatu. Kwa sheria hiyo mchezo hautakuwa na mshindi, nao utakuwa mrefu tena kama ule wa nyumba 40, na kengele italia wote wakiwa njiani. Mwalimu mwenzetu ashauri tuifute. Hatujaifuta. Jumatatu tutawaacha wacheze kwa sheria hiyo, nasi tutaketi nyuma.